Kiapo cha Wana Waya

Habari kwamba Waya Sita wanarudi jukwaani zilimkuta Mwalimu Asnath darasani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alipiga kelele mbele ya wanafunzi. Haikuwa kelele ya kukemea. Ilikuwa kelele ya msichana wa miaka kumi na tisa, ila ilitoka kwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye miwani ya kamba na chaki mkononi. Watoto wa darasa la sita wakatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mwalimu amefiwa.

"Nimefufukiwa," akajibu Asnath, akatoka nje kupiga simu.

Ambaye hakukulia pande hizi huenda hawajui Waya Sita. Walikuwa bendi ya Hale, vijana sita, watoto wa mafundi wa mitambo ya umeme na wa wakata mkonge, na kwa miaka kumi na moja hapakuwa na harusi wala sikukuu iliyohesabika kuwa ya maana kati ya Korogwe na Handeni kama wao hawakupiga. Mtindo wao waliuita shoti. Mchezaji anatulia tuli, gitaa likikata anashtuka mwili mzima kama aliyeshika waya ulio wazi. Asnath alikuwa bingwa wa shoti. Angalau ndivyo anavyosimulia yeye. Waliomwona wanasema alikuwa akishtuka kabla ya gitaa.

Bendi ilivunjika kwa sababu ya kiti. Mwimbaji Lukasi na mpiga solo Hashim waligombania kiti cha mbele cha gari la bendi. Lukasi akashuka njiani na kipaza sauti chake, Hashim akaendelea na vyombo, wakakaa miaka ishirini na mbili bila kusemezana. Sasa mmoja alikuwa na kisukari, mwingine presha. Walikutana kwenye benchi la kliniki wakisubiri kuitwa, wakaanza kulinganisha dawa, mwisho wakajikuta wanacheka. Ndipo likatoka tangazo: Jumamosi watapiga Korogwe, kwenye ukumbi mmoja wa zamani kule Kilole, na Jumapili watapiga Handeni. Muziki utaanza saa tisa alasiri na kwisha saa kumi na mbili jioni, maana wanamuziki wenyewe wanatakiwa kula mapema, kumeza vidonge na kulala.

Asnath alikuwa mwenyekiti wa Wana Waya wa Handeni, chama cha mashabiki wa bendi. Kundi lao la simu lilikuwa na watu arobaini na kitu, lakini waliofika mikutanoni walikuwa wanne: yeye mwenyewe, Zuena, fundi cherehani wa Chanika, pale pale Handeni mjini, ambaye ndiye katibu, Sharifu, bwana shamba mstaafu, makamu mwenyekiti, na Bibi Maryamu, muuza dagaa sokoni, ambaye hakuwa na cheo chochote kwa sababu kila alipopewa alikikataa. Bibi Maryamu hakuwa hata na simu ya kupangusa. Alikuwa na kisimu cha tochi. Habari za kundi alisomewa na Zuena, naye akizisikia alikuwa anaguna.

Tiketi za Handeni zilitangazwa kuuzwa Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye duka moja mjini. Asnath aliomba ruhusa shuleni kwa kisingizio cha jino, akafika dukani saa kumi na mbili na kigoda chake na chupa ya chai. Alikuta vijana tisa wamemtangulia. Hakuna kati yao aliyeonekana kuwahi kuzaliwa wakati Waya Sita wanapiga. Moyo wake wa ualimu ukamsukuma kuuliza.

"Kijana, wewe unaupenda wimbo gani wa Waya Sita?"

"Zote, mama."

"Nitajie mmoja."

Kijana akatazama juu, akatazama wenzake. "Ule... ule wa mapenzi."

Saa mbili na robo mwenye duka alitoka nje akafunga dirisha. Tiketi zimekwisha. Kila mmoja wa wale tisa aliondoka na bunda. Asnath alibaki amekaa kwenye kigoda, mtu wa kumi kwenye foleni ambayo haikuwepo tena, na chai yake ikiwa bado ya moto. Kabla ya adhuhuri simu zilikuwa zimeshajaa matangazo: *Tiketi za Waya Sita zipo. Korogwe na Handeni. Bei maelewano.* Maelewano yenyewe yalianzia elfu thelathini, kwa tiketi iliyoandikwa elfu kumi.

Jioni ile ile wanne wale wakakutana kibandani kwa Zuena, kati ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Asnath alihutubia. Alizungumza juu ya walanguzi kama watu wanavyozungumza juu ya panya waliokula mbegu. Akasema tatizo si walanguzi, tatizo ni sisi tunaonunua. Akasema mlanguzi asiponunuliwa atakufa na mzigo wake. Akatoa karatasi aliyokwisha kuiandaa nyumbani, yenye utangulizi na vifungu vinne.

"Tutakula kiapo," akasema.

"Kwa ajili ya tiketi?" akauliza Bibi Maryamu.

"Kwa ajili ya utu wetu, Bibi."

"Basi soma haraka, dagaa wangu wako nje."

Wakainua mikono ya kuume. Waliapa kutonunua tiketi kwa mlanguzi, wawe na shida wasiwe na shida, na waliapa kusimama na mabango nje ya ukumbi wa Handeni siku ya Jumapili ili kila anayeingia na tiketi ya ulanguzi aone haya. Mabango aliyaandika Asnath mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Moja lilisema MUZIKI NI WETU, TIKETI ZIMEIBIWA. Jingine, NUNUA KWA MLANGUZI UUZE HESHIMA YAKO. Hili la pili alilipenda sana. Alilipiga picha akaliweka kwenye simu yake kila mtu alione.

Siku tatu alitembea Chanika kifua mbele. Siku ya nne mtu akatuma kwenye kundi sauti iliyorekodiwa mazoezini, nusu dakika tu, Hashim anafungua wimbo kwa gitaa. Asnath aliisikiliza jikoni. Akaisikiliza chooni. Usingizini akaiota. Asubuhi ya Ijumaa alipokuwa akienda shule, miguu yake ilikata kushoto kwenye njia ya kulia, ikamfikisha kijiwe cha bodaboda ambako ilisemekana yupo kijana mmoja mwenye tiketi.

Alijifunga mtandio mpaka puani. Alikuwa amepanga kuuliza bei tu, kwa ajili ya utafiti. Kijana aliyekuwa ameegemea pikipiki, mwenye bunda mfukoni, akasimama wima kama askari.

"Shikamoo mwalimu!"

Alikuwa Mbaruku, ambaye kwenye foleni ya dukani alijifunika kofia usoni mwalimu asimtambue. Asnath alimfundisha miaka mitatu, na katika miaka hiyo alimchapa mara mbili kwa kuuza karanga darasani wakati wa kipindi cha hesabu.

"Marahaba," akasema Asnath ndani ya mtandio. "Umenijuaje?"

"Mwalimu, kwa mwendo. Ukitembea hivyo darasa zima tulikuwa tunakaa chini." Akashusha sauti. "Unataka ya Handeni au ya Korogwe?"

Hapo ndipo, anavyosema mwenyewe, akili yake ilipomsaliti kwa ustadi mkubwa. Handeni hawezi, kule atasimama na bango. Lakini Korogwe? Korogwe ni mbali. Korogwe hakuna anayemjua. Ataingia, atasikiliza, atatoka, na Jumapili atasimama na bango lake akiwa ametulia roho. Kiapo, ukikisoma vizuri, kilikuwa na roho ya Handeni. Yeye ndiye aliyekiandika, nani angejua roho yake kuliko yeye?

"Korogwe," akasema.

"Imebaki kidogo sana, mwalimu. Watu wanauza elfu thelathini. Kwako wewe ishirini na tano, kwa sababu ulinifundisha biashara."

"Sikukufundisha biashara. Nilikuchapa."

"Ndiyo hiyo hiyo, mwalimu. Nilijifunza kutouza mbele ya mkubwa."

Asnath alilipa. Tiketi aliifungia ndani ya kamusi, akaificha kamusi chini ya godoro, mahali ambapo hapajawahi kuwekwa kamusi katika nyumba ile.

Jumamosi alimuaga mumewe, Deogratius, kwamba anakwenda Korogwe kwenye semina ya walimu. Deogratius alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Alimtazama mkewe kuanzia viatu vya kisigino mpaka kilemba, akakawia kidogo kwenye gauni la kumeremeta alilolivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya mdogo wake.

"Semina ya nini?"

"Ya mitaala mipya."

"Mitaala imependeza," akasema Deogratius, akarudi kwenye mpini wake.

Ukumbi wa Kilole ulijaa theluthi mbili hivi, na hata hilo Asnath hakulitilia maanani. Alichagua kona ya nyuma, karibu na nguzo, mtandio puani. Vyombo vilikuwa vinafungwa. Alipomwona Hashim akiinamia gitaa lake, kichwa chote mvi, machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Akatoa leso. Ndipo akahisi nguzo inapumua.

Akachungulia upande wa pili. Sharifu, makamu mwenyekiti, bwana shamba mstaafu, alikuwa amesimama pale amevaa kofia ya pama na miwani myeusi, amejibana kwenye nguzo.

Wakatazamana.

"Mwenyekiti," akasema Sharifu.

"Makamu," akasema Asnath.

"Nimekuja kuchunguza," akasema Sharifu. "Nilitaka tupate ushahidi juu ya hawa walanguzi."

"Na mimi," akasema Asnath. "Ushahidi."

"Umenunua kwa nani?"

"Mbaruku."

"Alikupa kwa bei gani?"

"Ishirini na tano."

Sharifu akavua miwani. Uso wake ulionyesha uchungu wa mtu aliyelipa thelathini. Kabla hajasema neno, mbele yao, katikati kabisa ya sakafu, mwanamke mmoja aliyevaa gauni jipya la kitambaa cha sare ya shule alianza kucheza shoti peke yake hata kabla muziki haujaanza. Alipogeuka wakamwona ni Zuena. Naye akawaona. Hakujificha. Alikuja moja kwa moja, akawashika mikono wote wawili.

"Jamani, asante Mungu," akasema Zuena. "Nilidhani mimi ndiye mwovu peke yangu."

Walicheka mpaka watu wakageuka kuwatazama. Walipomaliza kucheka hawakuweza kutazamana tena, kwa hiyo wakatazama jukwaa. Hakuna aliyemtaja Bibi Maryamu.

Muziki ulikuwa mzuri na mbaya kwa wakati mmoja. Vidole vya Hashim bado vilikuwa na akili, lakini Lukasi alipofika kwenye zile sauti za juu alisogeza kipaza sauti kwa watazamaji, akawaachia waimbe wao, huku ameweka mkono sikioni kana kwamba ndivyo alivyopanga. Watazamaji waliimba kwa mapenzi. Asnath alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akavua viatu vyote viwili. Saa kumi na moja na nusu, Lukasi akaomba utulivu. Akasema ameambiwa humu ndani wamo Wana Waya waliotoka Handeni, na anaomba mwenyekiti wao apande jukwaani asalimie watu.

Zuena ndiye aliyeandika kikaratasi kupeleka jukwaani. Alidhani ni jambo zuri.

Asnath alipanda peku. Akapewa kipaza sauti. Angeweza kusema asante akashuka. Lakini mwalimu akipewa kipaza sauti hawezi kusema neno moja, na kinywa chake, kwa mazoea ya wiki nzima, kikaanza chenyewe: "Ndugu zangu, tukatae ulanguzi wa tiketi!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kutoka mlangoni sauti moja ya kijana ikapaa juu ya makofi yote, kwa furaha na heshima isiyo na kejeli hata chembe:

"Huyo ni mwalimu wangu!"

Mbaruku alikuwa amekuja kumalizia mzigo.

Jumapili Asnath aliamka na mwili unaouma kila mahali na dhamiri iliyouma zaidi. Alifika nje ya ukumbi wa Handeni saa nane na nusu, akitumaini kuwa wa kwanza. Bibi Maryamu alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama juani peke yake, khanga mbili, kandambili, ameshika kwa mikono miwili lile bango la NUNUA KWA MLANGUZI UUZE HESHIMA YAKO, na alikuwa amelishika juu chini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mmechelewa. Nimesimama tangu saa saba."

Asnath akaligeuza bango. Alipokwisha kuligeuza na maneno yake mwenyewe yakamtazama usoni, alitamani kuligeuza tena.

Zuena na Sharifu walifika wakitembea kama watoto walioitwa ofisini. Walisimama kwenye mstari na mabango yao. Lakini watu wa kutiwa haya walikuwa wachache. Mlangoni waliingia watano, kisha watatu, kisha hakuna mtu. Ulanguzi ulikuwa umejikaba wenyewe: wenye hamu na uwezo walikwisha kununua, wenye hamu bila uwezo walikaa nyumbani, na vijana wote tisa sasa walikuwa wanazunguka uwanjani na mabunda yaliyojaa. Saa tisa kasoro bei ilishuka mpaka elfu kumi. Gitaa la kwanza lilipolia ilikuwa elfu tano.

Mbaruku akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Mwalimu, chukua. Elfu mbili. Elfu mbili, mwalimu, naumia!"

Sharifu aliyelipa thelathini jana akatoa mlio mdogo kooni, kama mlango usiotiwa mafuta. Yeye na Zuena wakatazama tiketi, wakatazama Bibi Maryamu.

"Mpe mwingine," Bibi Maryamu akamwambia Mbaruku. "Sisi tumeapa."

"Bibi, ni chini ya bei halali!"

"Wewe ni mlanguzi?"

Mbaruku akafikiri. "Leo ni hasara tu, Bibi."

"Mlanguzi mwenye hasara ni mlanguzi. Ondoka juani, utaugua."

Asnath hakuweza tena. Aliweka bango chini. Aliwahi kuwasimamisha watoto wengi mbele ya darasa waseme walichofanya, na sasa aligundua kwamba ni kazi ngumu kuliko alivyokuwa akidhani.

"Bibi Maryamu, mimi nilikwenda Korogwe jana. Nilinunua kwa huyu huyu Mbaruku. Elfu ishirini na tano. Nikapanda jukwaani nikahutubia watu wasinunue."

Zuena akasema, "Na mimi, Bibi." Sharifu akasema alikwenda kuchunguza, akatazamwa, akasema, "Na mimi."

"Mlikwenda wote watatu?"

"Hatukuambiana, Bibi."

Walimsubiri awatukane. Alikuwa hodari wa matusi, wateja wa dagaa wanamjua. Lakini yeye aliinamisha kichwa kusikiliza ukuta, ambako muziki ulikuwa unapita kwenye matofali ya matundu.

"Lukasi bado anapanda juu?" akauliza.

Asnath alitaka kumfariji, akakumbuka wiki nzima ya maneno yake mazuri. "Hapandi, Bibi. Anawaachia watu waimbe."

"Nilijua. Alikuwa anaiba pumzi hata zamani." Akaokota bango, akampa Asnath alishike upande wa pili. "Basi simama vizuri. Kama ulishacheza jana, leo una nguvu za kusimama."

Wakasimama. Zuena na Sharifu nao wakasimama, hata Mbaruku aliposhusha mpaka elfu moja. Asnath anasema hiyo ndiyo saa aliyoisikiliza Waya Sita vizuri kuliko zote, kwa sababu hakuwa na mahali pa kujificha wala pa kujionyesha. Alisikia besi. Hakuwahi kuisikia besi ya Waya Sita maisha yake yote, alikuwa kila mara ana shughuli ya kushtuka.

Saa kumi na robo mlinda mlango akatoka nje akitazama huku na huko. Ndani kulikuwa na watu hamsini katika ukumbi wa mia tano, akasema, na mzee Hashim amegoma kupigia viti vitupu. Mlango uko wazi kwa kila mtu, bure, ili mradi aingie haraka.

Bibi Maryamu akamsogelea. "Wewe unauza tiketi pembeni?"

"Mimi? Hapana, Bibi, mimi nafungua mlango tu."

"Basi naingia," akasema, akakaza khanga yake.

Aliingia na bango. Alikuwa peke yake katika Handeni nzima aliyeiona Waya Sita bila kulipa senti na bila kuvunja kiapo, na alicheza nyimbo tano mfululizo na kandambili zake, akishtuka pale pale panapotakiwa. Nyuma yake waliingia Wana Waya watatu wenye haya, na nyuma yao wakaingia walanguzi tisa na mabunda yao, wakakaa safu ya mwisho. Mbaruku alionekana akitikisa kichwa. Kufikia wimbo wa tatu alimwuliza Asnath huu unaitwaje, naye akamtajia, akamwambia auandike.

Jumatatu Asnath aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi, akakiri yote, tiketi, kamusi, semina na jukwaa, akajiuzulu uenyekiti. Majibu yakaja kwa kasi. Zaidi ya ishirini nao walikuwa wamenunua kwa walanguzi. Mmoja aliuza mbuzi. Mwingine alinunua tiketi mbili, akaogopa kwenda na yoyote, na bado anazo. Deogratius, ambaye Asnath hakujua kuwa yumo kundini, aliandika neno moja: *Mitaala.*

Kwa kauli moja walimchagua Bibi Maryamu. Alikataa, kama kawaida, lakini safari hii hawakumsikiliza. Kwa kuwa hana simu ya kupangusa, ikaamuliwa kwamba Asnath atakuwa anapita sokoni kila jioni baada ya shule, akae kwenye kigoda karibu na meza ya dagaa, aandike kila Bibi anachosema, na atume kama kilivyo. Ujumbe wa kwanza wa mwenyekiti mpya ulikuwa na maneno matatu, na mawili kati yake Asnath aliona haya kuyaandika. Aliomba walau aweke nukta mwishoni.

"Andika kama nilivyosema," akasema Bibi Maryamu, akampimia mteja.